Huyu Akijua Kazi

Mjomba hakutazama kibao.

Tulikuwa tumesimama mbele ya mnara wa kanisa la kwanza, kule misheni, jua limeanza kupoa baada ya alasiri. Mimi nilikuwa nimeshaanza maelezo ninayowapa wageni wote wanaonitembelea Bagamoyo: hapa ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone, mwaka 1874, kabla haujavushwa kwenda Unguja. Nageuka, mjomba hayupo kando yangu. Amekwenda ukutani. Amebandika kiganja kizima juu ya jiwe kama mtu anayemgusa mtoto kujua kama ana homa. Akasogea hatua mbili, akabandika tena. Akachutama, akafumba jicho moja, akaufuata ukuta kwa jicho la pili kutoka msingini hadi juu.

"Huyu akijua kazi," akasema.

"Nani, mjomba? Livingstone?"

"Livingstone kaletwa hapa maiti, mwanangu. Nasema huyu aliyejenga."

Kisha akaomba maji ya kunywa, tukaendelea na matembezi.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Neno lile "huyu" halijanitoka. Alilisema kama vile fundi yule ametoka kidogo tu, kaenda kuosha mwiko, atarudi.

Ufa wa nyumbani

Mjomba hakuja Bagamoyo kutalii. Alikuja kwa sababu nilimwita, na nilimwita kwa sababu ya ufa.

Nyumba aliyotuachia bibi iko Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kuta zake za matumbawe, unene wake ukinyoosha mkono kutoka dirishani kiwiko bado kimo ndani. Mwaka juzi nilimpa kazi fundi mmoja aipige plasta upande wa barabarani. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho: saruji laini, kona zimenyooka, rangi nyeupe. Masika ya kwanza yalipopita, ukuta ukaanza kutoa jasho kwa ndani. Plasta ikavimba sehemu sehemu kama andazi, ukiigonga inalia tupu. Halafu likaja ufa, limeanzia juu ya dirisha linashuka kwa mshazari.

Mjomba alikuwa mwashi Pangani tangu kijana hadi mgongo ulipomkatalia. Alifika kwa basi la asubuhi. Sikuwa nimemaliza "shikamoo" akaniitikia "marahaba" huku tayari kucha yake inaparua plasta.

"Mmemziba pumzi," akasema.

Akanieleza kwa subira, na mimi nilimsikiliza kwa aibu, maana nililipia kosa lile kwa fedha zangu. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Linakunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani, pamoja na chumvi, hasa huku kwetu ambako bahari haiko mbali na mlango wa mtu yeyote. Ukuta wa zamani ulitandikwa chokaa, na chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo maji yaliyoingia hutoka. Yanapotoka huiacha chumvi juu ya chokaa. Chokaa inachakaa, unaikwangua, unatia nyingine. Jiwe linabaki salama. Ukipaka saruji, maji yanaingia kwa chini na hayana pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inaganda, inalisukuma jiwe na kulila polepole.

Saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika. Nyumba ikisogea kidogo, na nyumba zote husogea, chokaa hujinyoosha nayo. Saruji hupasuka.

Aliupima ule ufa kwa shibiri. Shibiri tatu na vidole viwili. Akasema tuache mwezi na zaidi tuone kama linatembea.

Tukabaki na jioni nzima ya kupitisha. Ndiyo maana nikampeleka misheni.

Lugha ya ukuta

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Walitangulia kujenga kwa miti na makuti. Aprili 1872 kimbunga kikapiga pwani hii na visiwa, misheni ikalala chini. Kanisa ambalo mnara wake umebaki huhesabiwa kuwa la mwaka huohuo. Haya yako kwenye maelezo ya kila mwongoza watalii, na mimi nimeyasema mara nyingi mpaka yamepoteza ladha mdomoni.

Mjomba aliyarudishia ladha kwa kunionyesha jambo ambalo halimo kwenye maelezo. Alinionyesha kwamba mnara ule unasema Kiswahili.

Mapadri walitoka Ufaransa, na ibada ilikuwa ya Kilatini. Lakini ukuta una mawe ya matumbawe, makubwa yamewekwa konani, madogo na vipande vimejaza katikati, vyote vimeshikwa na chokaa. Chokaa ile haikutoka Ulaya. Ilitoka kwenye tanuu, jinsi mjomba alivyofanya ujana wake: unapanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, unamwaga matumbawe juu, unatia moto unangojea. Jiwe linageuka jeupe, jepesi. Unalizima kwa maji, unaliacha likae. Kadiri likaavyo ndivyo linavyokuwa tamu, alisema. Ndilo neno alilotumia, tamu. Chokaa la haraka ni chungu, linapasuka.

Elimu hiyo ilikuwako huku karne nyingi kabla ya Padri Horner kuzaliwa. Nenda Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji, ukautazame msikiti wa karne ya 13. Matumbawe yaleyale, chokaa ileile. Siku ya pili nilimpeleka mjomba huko pia, kwa bajaji, akabandika kiganja chake kwenye kibla kwa adabu na akanyamaza muda mrefu.

"Hawa ni watu wamoja," akasema njiani tukirudi.

Hakuwa na maana ya dini. Mjomba ni mtu wa sala tano, hachanganyi mambo hayo. Alikuwa na maana ya mkono.

Sijasoma uchoraji wa majengo, ila kuna jambo moja la ufundi linalonisisimua na nataka mnivumilie nilieleze. Nyumba zetu za zamani zina vyumba virefu vyembamba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mapenzi ya watu wa kale. Kumbe ni boriti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri hukupa mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Upana wa chumba ulikatwa na mti wa kwenye matope ya mtoni. Ukitaka ukumbi mpana upange nguzo katikati, kama walivyofanya wajenzi wa misikiti, au ufunge matao.

Sasa mfikirie mwashi wa pwani anaambiwa na bruda wa Kifaransa: nataka nyumba ndefu, iliyo wazi, watu wote wamwone padri mbele, na mbele yake mnara. Mikono yake inajua matumbawe na chokaa. Inajua tao, kwa sababu tao liko kwenye kibla na kwenye mlango. Lile umbo jipya ikabidi alipate kwa maneno aliyokuwa nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba alilitambua kazi lile kwa kiganja. Alikuwa anasoma mwandiko.

Usiku mmoja

Kwenye midomo ya wageni na kwenye ramani za utalii, mahali pale panaitwa Mnara wa Livingstone.

Nimeuita hivyo maisha yangu yote. Nataka niseme wazi kwamba simchukii Livingstone. Aliyoyaandika kuhusu biashara ya watumwa yalisaidia kuifunga. Mtoto aliyeingia kwenye kiwanda cha pamba Blantyre, Uskoti, akiwa na miaka kumi, akasoma usiku mpaka akawa tabibu, anastahili heshima. Lakini hakuwahi kuingia kwenye kanisa lile akiwa hai. Alifia kijijini kwa chifu Chitambo, ambako leo ni Zambia, Mei 1873. Mwili wake ulilala kanisani Bagamoyo usiku mmoja wa Februari 1874.

Waliouleta ndio kisa.

Moyo wake waliuzika chini ya mti palepale. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakauvingirisha kwa kitambaa cha pamba na magome ya mti, wakaufunga mtini kama mzigo. Wakatembea. Miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walikutana na Waingereza wa msafara wa Cameron, uliotumwa kumsaidia Livingstone, wakashauriwa wamzike hukohuko yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo wakapata habari kwamba watu wa njiani hawatakubali maiti ipite nchini kwao. Wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua, wakatuma wenzao wakijifanya wanarudi nao kwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Ukapita.

Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. James Chuma, Myao, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamisheni huko Nasik, India, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga jina kwenye mti. Walikuwamo na wanawake, akiwamo Halima mpishi.

Fikirini usiku ule kanisani. Aliyelala pale ni mtoto wa Uskoti, nchi ya Waprotestanti wa Kipresbiteri, ambaye baba yake alilihama kanisa la taifa akajiunga na Wakongregeshonali, Waprotestanti wengine. Amelazwa katika kanisa la Wakatoliki, amebebwa na watu ambao kiongozi wao mmoja anaitwa Abdullah. Kuta zimesimamishwa kwa ufundi wa misikiti.

Asubuhi mwili ukapelekwa Unguja, na Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Chuma na Susi wakalipwa mshahara wao na balozi mdogo wa Uingereza, wakaachwa. Walifika Uingereza baadaye mwaka uleule, maziko yameshapita.

Mnara ukachukua jina la mgeni wa usiku mmoja.

Nguzo zilizosimama kichwa chini

Katika wiki hizi sita nimekuwa nikijiuliza: ni wapi basi, kwenye majengo yetu haya ya kimisheni, ambapo mwashi anatajwa?

Nikakumbuka Unguja, Mkunazini.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873. Angalieni mwaka: kanisa la Bagamoyo la 1872 lilijengwa wakati soko bado liko wazi. Mwishoni mwa 1873 Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao kuu mahali pa soko lenyewe. Askofu Edward Steere, yule aliyekitumikia Kiswahili kwa kamusi na sarufi, alisimamia kazi, na paa lake la tao refu, la matumbawe yaliyopondwa na saruji, watu walisema litaanguka. Liko hadi leo. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo.

Ukiingia, mwongozaji atakupeleka nyuma ya kanisa kwenye nguzo ndogo. Atakuonyesha kwamba zimesimamishwa kichwa chini. Atakwambia mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, kwa sababu hawakuwahi kuona nguzo za namna ile. Watu watacheka.

Mimi pia nilicheka, nilipokwenda huko na shule.

Juzi usiku nilikuwa nimelala naangalia dari, jambo likanijia nikaketi. Hapo ndipo mahali pekee, katika ziara nzima ya kanisa lile, ambapo mafundi wanatajwa. Wanatajwa walipokosea. Paa lililosimama karibu miaka 150 ni la askofu. Nguzo kumi na mbili zilizopinduka ni za mafundi.

Na kwa nini nguzo ile isimame kichwa chini kisha isianguke? Kwa sababu aliyeisimamisha aliitia timazi. Kitako na kichwa alivigeuza, lakini wima hakukosea.

Wapresbiteri nao hawako mbali na habari hii. Kule Malawi, kwenye mji ulioitwa Blantyre kwa ajili ya alikozaliwa Livingstone, misheni ya Kanisa la Scotland ilijenga kanisa la Mtakatifu Mikaeli kati ya 1888 na 1891. Nimeziona picha zake: matofali ya kuchoma ya maumbo mengi, minara, kuba, matao, jengo dogo lenye mapambo mengi kuliko ukubwa wake. Mchungaji David Clement Scott aliyelibuni hakusomea ujenzi, na waliolijenga ni watu wa palepale ambao hawakuwahi kujenga kitu kama hicho. Jina la Scott linajulikana kwa watu wanaopenda majengo. Huku kwetu matumbawe, kule tofali. Habari ya majina ni ileile.

Nilipositasita

Makala hii nilitaka kuiandika wiki ya pili. Nikasita, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni makaburi. Kule misheni kuna makaburi ya mapadri na mabruda, na wengi wao walikufa vijana wadogo kabisa, homa iliwamaliza. Nilikwenda peke yangu asubuhi moja nikasoma misalaba yao mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyevuka bahari akafa na miaka ishirini na kitu kwenye nchi asiyoijua, mimi ni nani nimwambie amemnyang'anya mwashi jina? Na kimbunga kilipoangusha kila kitu, hawakupanda jahazi wakaondoka. Walianza upya.

Ya pili ni nzito zaidi.

Mikono iliyoijenga misheni ile ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watu waliokombolewa: watoto walionunuliwa kwa fedha kutoka sokoni, na wengine waliotolewa kwenye majahazi. Walifundishwa useremala, uashi, uhunzi, kilimo. Pango la Bikira Maria la 1876 ni kazi yao. Wakikua wakaoa na kuolewa na kupewa makazi kwenye kijiji cha watu huru pale misheni.

Je, kijana aliyeliweka jiwe lile alikuwa huru? Hakuwa tena mali ya mtu. Lakini kengele ilimwamsha, kengele ikampeleka kazini, kengele ikamlaza. Jina alilokuwa nalo kabla ya kukamatwa liliwekwa kando, akapewa la ubatizo. Ninaposema tuwape majina yao wajenzi wale, ni majina yapi? Lile la kijijini kwa mama yake, au lile la kwenye daftari la padri?

Nilimpigia mjomba simu nikamuuliza. Sikutaja utumwa moja kwa moja, nilimuuliza tu: mtu anayefanyishwa kazi, anaweza kujenga vizuri vile?

Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "ukuta ule, pale kwenye tao, jiwe limechongwa likakaa bila kulazimishwa. Mtu hakufanyishi hilo. Anaweza kukufanyisha ujenge. Kujenga vile umejenga mwenyewe."

Sijui kama jibu hilo linatosha kwa mambo yote waliyopitia watu wale. Kwangu lilitosha kuniketisha niandike.

Shibiri

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni wangu kutoka Iringa na watoto wake wawili. Tukapita njia ya miembe, tukafika mnarani. Nikafungua mdomo kusema maneno yangu ya siku zote, yakakwama. Nikawaambia watoto waweke viganja vyao ukutani kwanza. Wakaweka. Mdogo akasema ni baridi. Mkubwa akakuta kichaka cha matumbawe ndani ya jiwe, zile nyota nyota ndogo, akauliza kama jiwe hili liliwahi kuwa hai.

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikawaambia nani alilivua baharini, nani alichoma chokaa, ndipo nikafika kwa Susi na Chuma na mzigo wao. Livingstone alikuja mwisho, amebebwa.

Plasta ya saruji nyumbani nimeanza kuiondoa. Nimempata kijana mmoja mwashi, mwenye mkono mwepesi, aliye tayari kumsikiliza mjomba kwa simu huku anafanya kazi. Inatoka vipande vikubwa, na nyuma yake jiwe limelowa, lina unga mweupe wa chumvi. Chokaa tumeizima kwenye pipa uani. Kila jioni naifunua naitazama. Mjomba anasema bado, ikae.

Mwezi na zaidi umepita, kwa hiyo jana nilipanda kwenye stuli nikaupima ufa. Shibiri nne kasoro kidole. Moyo ukanipasuka. Nikampigia palepale, nikamwambia limetembea, mjomba, limetembea karibu shibiri nzima.

"Umepima kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Mkono wako mdogo. Panda tena, uanzie ukutani palepale nilipokuonyesha, uandike kwa shibiri yako na tarehe ya leo. Na jina lako."

Nikapanda tena.